Kamuki wa Shimo Namba Mbili

Katika machimbo yote ya bati ya Kyerwa hakuna aliyemjua Kamuki kama mimi, kwa sababu Kamuki nilimtunga mwenyewe. Kichwa chake kikubwa nilimvika mimi, jicho lake jekundu nilimtoboa mimi, na adabu zake zote nilimfundisha mimi. Na mtu haogopi kitu kilichotoka mdomoni mwake. Hebu niambie, umewahi kumwona mfinyanzi akikimbizwa na chungu?

Haya, sikumtunga peke yangu. Nusu aliileta Bwana Peru.

Bwana Peru alikuwa msimamizi wetu mwaka wa hamsini na mbili, Mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu kama ya bata mzinga. Jina lake la ubatizo tulilisahau wiki ileile aliyofika, maana kila alipofungua kinywa alianza na "nilipokuwa Peru". Peru ni nchi ya milima huko Amerika ya Kusini. Mimi niliijua kwenye ramani, nilisoma hadi darasa la kumi kwa mapadri. Wenzangu niliwaeleza tu kwamba ni mbali kupita Mwanza, wakaridhika. Huko Peru Bwana alichimba madini miaka mingi kabla ya kuletwa kwetu.

Kazi yangu mimi, Elpidius, Muhaya wa Muleba, ilikuwa ukalimani. Bwana akisema Kiingereza, mimi natoa Kiswahili, na kwa wasiokielewa vizuri naongeza Kinyambo, ambacho ni Kihaya kilichopanda mlima kikachoka njiani. Usiwaambie Wanyambo nimesema hivyo, bado naishi kwao.

Siku moja mchana tumekaa kivulini, tunakula ndizi na maharage, Bwana akaanza. Alipokuwa Peru, wachimbaji wa kule walimwambia kwamba ndani ya mlima anaishi mtu mdogo aitwaye Muki. Urefu wake ni wa mtoto wa miaka mitano. Madini yote ni yake. Hupiga mluzi gizani. Mchimbaji akikutana naye hufanya naye mkataba: yeye anampa Muki pombe, tumbaku na majani fulani ya kutafuna, na Muki anamwonyesha mwamba wenye mali. Atakayeuvunja mkataba, mlima utamfunika.

Nikatafsiri. Hakuna aliyeshtuka. Melkiory, mpiga nyundo mwenye mabega mapana kama mlango wa kanisa, alikuwa anajichokoa meno.

"Ndiyo imeisha?" akauliza.

Sasa, mkalimani ana aibu zake. Hadithi ikipoa, watu hawamlaumu Mzungu, wanamlaumu aliyeipakua. Nikaitia chumvi. Majani ya kutafuna nikayafanya kahawa, maana kwetu atafunaye majani ni mbuzi. Pombe ikawa lubisi, bia yetu ya ndizi. Nikamvika kichwa kama mtungi, nikampa jicho moja jekundu linalofumba na kufumbua. Lililonisumbua ni lile la mkataba. Ukiwatajia watu wa machimbo mkataba, wanafikiria kutia dole gumba na kupelekwa mbali na migomba yao. Kwa hiyo nikasema, "Anafanya naye omukago."

Hapo ndipo vinywa vilipoacha kutafuna.

Omukago ni udugu wa kuchanjiana. Watu wawili wanapasua tunda moja la kahawa, lenye punje mbili ndani. Kila mmoja anajichanja karibu na kitovu, anaipaka punje yake damu, na mwenzake anaimeza. Basi. Tangu hapo damu yake iko tumboni mwako. Huwezi kumnyima, huwezi kumsaliti, mama yake ni mama yako, watoto wake ni watoto wako. Watu wa kwetu wanavunja mitungi, wanavunja ndoa, amri za Mungu wanazivunja Jumamosi na kuziungama Jumapili, lakini omukago hauvunjwi.

"Kwani huyo Kamuki ana kitovu?" aliuliza mzee Kahigi. Unaona, dakika ileile walishampa jina la nyumbani.

Kahigi alikuwa nyampara wetu. Yeye ndiye aliyelifungua shimo namba mbili kwa sururu yake, na yeye ndiye aliyemzaa Kemigisha. Hili la pili ndilo lililonifanya nimjibu kwa heshima.

"Anacho, baba. Kikubwa kama kikombe."

"Na amefikaje hapa kutoka huko Peru?"

"Bati ni bati, baba. Lilipo, naye yupo. Milima chini kwa chini imeshikana."

"Anasema lugha gani?"

Swali lilikuwa zuri, na mimi nilikuwa mvivu wa kutunga lugha nzima baada ya kula. "Hasemi," nikajibu. "Ukikutana naye usitoe hata neno. Piga mluzi, naye atakujibu kwa mluzi. Ukitamka neno tu, hutoki tena, humo ndimo nyumbani kwako."

Bwana Peru aliniuliza mbona watu wamekodoa macho hivyo. Nikamwambia wameifurahia sana hadithi yake.

Kuhusu Kemigisha, nisikufiche. Alikuwa akimletea baba yake chakula kwa kikapu, anapita mbele ya kibanda changu, na mimi kila siku nilikuwa na sababu ya kusimama mlangoni. Alikuwa na macho ya kumpima mtu kama anayechagua mkungu wa ndizi sokoni, anabonyeza hapa, anabonyeza pale.

"Elpidius," aliniambia siku moja, "wewe unayetafsiri ya watu kutwa nzima, umewahi kusema neno lako mwenyewe?"

"Nakupenda."

"Hilo nalo la Bwana yupi?"

Alicheka, nami nikacheka, na nilijua kwamba mlango wake uko wazi. Ukuta ulikuwa baba yake. Kahigi hakuwapenda vijana wa Bukoba na Muleba waliokuja huku Karagwe na viatu. Alishasema mbele ya watu, "Binti yangu simwozi mtu anayekaa mlangoni mwa mlima na kalamu sikioni, kama mbwa wa arusi anayengoja mifupa."

Basi, wiki haijaisha, shimo namba mbili likapiga mluzi.

Sababu niliijua. Lile shimo lina vinywa viwili: kimoja kikubwa chini, ndipo wanapoingilia watu, na kingine kidogo upande wa pili wa mlima, karibu na nyumbani kwa Kahigi, ambacho alikitoboa ili hewa ipite. Upepo wa Juni ukiingia kule juu ni lazima ulie. Hata mtoto wa shule ya msingi angekueleza. Lakini wachimbaji hawakungoja maelezo. Walitoka mbio, Melkiory mbele na mabega yake yote, nyundo ameitupa kule ndani, wakakaa chini kwenye majani na kusema hawaingii tena mpaka mwenye mlima apewe haki yake.

Shingo ya Bwana Peru ilitoka kwenye wekundu ikaenda kwenye zambarau. "Wana nini hawa?"

"Matumbo, Bwana."

"Wote?"

"Wote, Bwana. Maharage ya jana."

Kahigi aliniita pembeni. Alikuwa na kiko chake mdomoni kama kawaida, akakitoa, jambo alilolifanya kanisani na kwenye mazishi tu.

"Kijana, huyu mtu mdogo umemleta wewe kwa mdomo wako. Sasa ingia umtoe. Fika mpaka kule ndani kwenye maji, uniletee nyundo ya Melkiory. Ukirudi nayo, mwambie mjomba wako alete posa, nitampokea. Usipoingia, usipite tena karibu na kikapu cha binti yangu."

"Kesho asubuhi, baba, utaniona mwenyewe nikiingia."

"Kesho sitakuwepo," alisema, akijishika tumbo. "Mimi langu linauma kweli."

Ndugu msomaji, nililala vizuri. Kwa nini nisilale? Nilikuwa napelekwa kwenye shimo tupu kuchukua nyundo, na zawadi yake ni Kemigisha. Kuna watu wamehangaika zaidi ya hapo kwa mbuzi.

Asubuhi niliazima kofia ngumu ya Bwana Peru, inayotosha vichwa viwili, nikashika koroboi, nikaweka kahawa mfukoni. Kwetu kila mtu ana kahawa ya kutafuna mfukoni, kama wengine walivyo na rozari; mimi nilikuwa na vyote viwili. Wachimbaji walisimama mlangoni wakaniangalia kama watu wanaosindikiza jeneza na hawakumpenda sana marehemu.

"Kiatu chako cha kushoto utaniachia?" Melkiory aliuliza. "Cha kulia kimechakaa."

"Nitakuletea nyundo yako, mkimbizi we!"

Nikaingia. Mwanzoni unainama, halafu unapiga magoti, halafu unatambaa. Mle ndani hakuna mrefu. Hata Bwana Peru akiingia anakuwa na kimo cha mtoto wa miaka mitano. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka juu, na tone moja, kama lililotumwa, likaangukia utambi wa koroboi. Giza. Sikujali. Nilipapasa mbele mpaka mkono ukagusa maji, na kando ya maji mpini wa nyundo. Nikaishika. Kazi imekwisha, nikajiambia, sasa ni kugeuka tu.

Mluzi ukalia.

Upepo, nikasema moyoni.

Mluzi wa pili ukalia karibu zaidi. Upepo unavuma kwa zamu, nikasema. Kisha upepo ukakohoa.

Nikatazama mbele. Kule gizani, kwenye kimo cha mtoto wa miaka mitano, palikuwa na jicho moja jekundu. Likafumba. Likafumbua. Na harufu ya tumbaku ikanijia, ileile tumbaku aliyoisema Bwana.

Niseme wazi: nilishtuka. Haikuwa hofu. Ulikuwa mshtuko wa kitaaluma, kama wa mwalimu anayemwona mwanafunzi wake wa mkiani amepata mia kwa mia. Kila nilichokitunga kilikuwa mbele yangu, kinavuta pumzi. Kwa kuwa kanuni nilizitoa mwenyewe, nilizifuata. Sikusema neno. Nilikunja midomo na kupiga mluzi, na kama ulitoka mwembamba kidogo ni kwa sababu ya unyevu wa mle ndani.

Kamuki akajibu kwa mluzi. Akasogea. Kitu kikang'aa chini ya lile jicho, chembamba, cheupe, nikadhani ni jino. Halafu nikahisi kinawekwa kiganjani mwangu. Kilikuwa wembe.

Fikiria hapo. Jini wa milima ya Peru, ambaye omukago nilimpachika mimi kwa sababu nililiogopa neno mkataba, amekuja na wembe wake! Nani alimwambia? Kumbe hata vitu vya uongo husikiliza vinapotungwa. Akanishika mkono, akanitilia punje ya kahawa. Nikafungua shati, nikajichanja, nikaipaka damu, nikaipeleka kule lilikokuwa jicho. Yake ikaletwa kwenye midomo yangu. Nikameza. Yote haya niliyafanya kwa utulivu na kwa hiari, kama mtu anayejua faida ya kuwa na ndugu mwenye mali chini ya ardhi.

Kamuki akapiga mluzi mfupi, akarudi nyuma, jicho likapotelea juu. Mimi nilibaki kidogo nikitafakari, muda wa Salamu Maria chache. Baadaye mluzi wa kuaga ukalia, na kwa vile macho yangu yalikuwa yamekwisha kuzoea giza, niliiona njia yote mbele yangu, jiwe kwa jiwe, kama barabara ya Bukoba. Nikatoka kwa mwendo wa kawaida.

Nje nilimtupia Melkiory nyundo yake.

Hapo ningenyamaza, hadithi hii isingekuwepo. Lakini walinizunguka, na mtu akizungukwa anaongea.

"Umemwona?"

"Nimemwona? Nimemshika sikio!"

"Sikio?"

"Nikalisokota hivi. Nikamwambia, wewe kibeti, watu wanataka kufanya kazi. Akalia kama ndama. Akaomba msamaha mpaka nikamwonea huruma."

Melkiory alikunja uso. "Si ulisema hajui kusema?"

"Aliomba kwa miluzi."

Wachimbaji walirudi kazini. Na kama mkosi wa bahati njema, siku chache tu baadaye mwamba ukaonyesha mshipa mnene wa bati, mweusi, mzito, ambao Bwana Peru aliupapasa kama mtu anayepapasa ng'ombe wa mahari. Sifa zote zikaja kwangu. Sokoni Isingiro nilipita, wanawake wakawaonyesha watoto wao: yule ndiye aliyemliza Kamuki. Kila niliposimulia, sikio lilikuwa refu zaidi na kilio kikali zaidi. Huko Nyakakika, nasikia, nilikuwa nimempiga na teke.

Kahigi aliporudi na tumbo lake lililopona alikuwa na tabasamu la ajabu, la mtu mwenye shamba ambalo majirani hawalijui. Nilipowahadithia watu habari ya sikio, yeye alinitazama kwa upole, kama anayemsikiliza mtoto akisema ameua simba, akavuta kiko chake. Hakubisha. Alisema tu, "Mwambie mjomba wako aje."

Kemigisha alikuja kibandani na kikapu chake.

"Elpidius, ni kweli ulimshika sikio?"

"Lote."

"Na alilia?"

"Kama ndama aliyekosa ziwa."

"Na wewe?"

"Mimi? Nilikuwa nacheka tu, mwenzangu."

Alinitazama kwa yale macho yake ya kupima mkungu. Nilidhani ananistaajabia.

"Vizuri," akasema. "Leteni posa."

Tulikwenda Jumapili baada ya misa. Mjomba wangu Cassian, muuza vitambaa wa Isingiro, ndiye aliyekuwa mshenga. Alivaa koti lake la harusi na mazishi, akabeba maneno matamu ya kutosha kuposa mabinti watano. Nyumba ya Kahigi ilikuwa imetandikwa nyasi mpya, mitungi ya lubisi imepangwa ukutani. Kaka yake mkubwa, mzee Rwezaura, aliketi katikati kusema kwa niaba ya ukoo, na Melkiory na wachimbaji wenzake walijaa mlangoni kunywa bia ya shujaa.

Cassian aliongea. Alisema tumeona ua katika nyumba hii. Alisema kijana wetu amesoma, hana ulevi wa kupindukia, na kama mlivyosikia, hata majini wanamwogopa. Wachimbaji wakapiga makofi. Mimi nikatazama chini kwa unyenyekevu niliojifunza kwa mapadri.

"Tumesikia," alisema Rwezaura. "Sasa ya muhimu. Muziro wa ukoo wenu ni nini?"

"Tumbili, mzee. Hatuwali wala hatuwagusi."

"Sisi ni mbogo. Basi hatukuingiliana. Kati ya nyumba hizi mbili kuna undugu wowote? Wa kunyonya, wa kulea, wa damu?"

"Hakuna, mzee."

"Kahigi, unaujua wowote?"

"Siujui," alisema Kahigi, akifyonza kiko.

"Basi njia nyeupe. Binti aje na kahawa, awasalimie wageni."

Kemigisha aliingia na kijikapu cha kahawa. Alikuwa amevaa gauni la buluu na alipendeza mpaka Cassian akasahau maneno yake. Akapiga magoti mbele ya mjomba, akamsalimia, akampa kahawa. Akaja mbele yangu, akapiga magoti, akainamisha kichwa, na kwa sauti ya kila mtu kusikia akasema:

"Shikamoo, baba mdogo."

Cassian alicheka. "Binti, umeona haya. Huyu ndiye mchumba mwenyewe."

"Namjua, mzee. Alikuwa mchumba mpaka siku aliyoingia shimoni. Tangu siku hiyo ni ndugu wa baba yangu, na mimi ni mtoto wake. Shikamoo, baba mdogo."

Kiko kililegea mdomoni mwa Kahigi, kikaning'inia.

"Kemigisha," alisema Rwezaura, "unasema nini mbele ya wageni?"

"Nasema nilichokiona, baba mkubwa. Siku ile baba alisema tumbo linamuuma. Lakini nilimwona akichukua wembe na kahawa, akatoka kwa mlango wa nyuma. Nikajiuliza, mtu mwenye tumbo bovu anakwenda kuchanjiana na nani? Nikamfuata na koroboi nimeifunika kwa kikapu. Aliingia mlimani kwa tundu la juu. Nikaingia nyuma yake. Kule kwenye maji walikutana wawili, wote wamepiga magoti, wote wanapiga miluzi, kila mmoja anadhani mwenzake ndiye Kamuki."

Mlangoni mtu mmoja alimeza bia kwa sauti.

"Ile kofia," alisema Kahigi polepole. "Kile kichwa kama mtungi. Ilikuwa kofia ya Bwana Peru?"

"Na lile jicho," nikajikuta nasema, "lilikuwa kiko?"

Nilikuwa nimejifunga mwenyewe. Rwezaura hakuhitaji zaidi. "Kahigi, pandisha kanzu." Kahigi akapandisha: karibu na kitovu palikuwa na kovu jembamba, jipya. Shati langu sikulipandisha mimi. Alilipandisha Cassian, mjomba wangu wa damu, ndugu wa mama yangu aliyenizaa.

"Mzee," nikasema, "sisi hatukujua. Ilikuwa giza. Mtu hawezi kufanya udugu na asiyemjua."

"Omukago hauulizi kama ulikuwa na taa," alisema Rwezaura. "Umemeza?"

"Nimemeza."

"Kahigi, umemeza?"

"Nimemeza. Nilisema kama kuna wa kuchanjiana na mwenye mlima, ni mimi niliyeutoboa, si karani; nikataka kumtangulia."

"Basi posa imekufa. Mtu haoi mtoto wake."

Cassian alianza kufunga vifungo vya koti lake. Kahigi hakuwa amemaliza. Alikuwa akinitazama, na lile tabasamu la mwenye shamba la siri lilikuwa limetoweka.

"Ndugu yangu," aliniita, na neno lilikuwa zito kama jiwe la bati. "Kumbe mimi ndiye niliyelia kama ndama?"

Melkiory alitoka nje kwenda kucheka. Tulimsikia.

"Yalikuwa maneno ya kijiweni, baba," nikasema.

"Kaka," alisahihisha Rwezaura.

"Maneno ya kijiweni, kaka. Sikio sikuligusa. Hakuna aliyelia, ni chumvi tu." Nilimgeukia Kemigisha, maana yeye ndiye niliyekuwa nampoteza, na nilitaka abaki na kitu kimoja kizuri juu yangu. "Lakini uliona mwenyewe. Niliingia peke yangu, sikumkimbia, na nilipomaliza nilitoka kwa miguu yangu, bila taa, bila msaada wa mtu. Hilo huwezi kuninyima."

Kemigisha alikuwa bado amepiga magoti, kijikapu mikononi. Hakucheka. Nadhani angecheka ningepona.

"Baba aliponipita nilijibana penye magogo yanayoshikilia mwamba," alisema. "Nilitaka kumfuata nyumbani. Lakini nikasikia mtu analia kule chini, anamwita mama yake, anazunguka palepale kwenye maji haoni pa kutokea. Nikashuka. Nikapiga mluzi ili ajue upande upi ni wa kuukimbia, asije akapiga kichwa. Hapo akaanza kutambaa, mbio, kwa magoti, na mimi niko nyuma yake na koroboi nimeiinua, namulika njia mpaka kwenye kona ya mlango. Hakugeuka hata mara moja kuona ni nani anayemmulikia."